Tusibishane tena kuhusu dawa feki: dawa za mifugo nazo zipimwe kwa mwanga

Leo naweka pembeni mambo ya kalenda ya chanjo na bei ya chakula, nizungumzie ugomvi ambao kila anayefuga kuku kuanzia huku Pangani, Mailimoja, Visiga mpaka upande wa Kisarawe anaujua vizuri. Kuku wameanza kuharisha. Mfugaji kakimbilia agroveti, kapewa dawa ya unga, kawawekea kwenye maji siku tano, na bado kila asubuhi anaokota mizoga. Anarudi dukani amefura: "Umeniuzia dawa feki." Muuzaji naye hakubali: "Dawa ni ileile wanayochukua wenzako, wewe umezidisha maji." Wakishindwana, anaitwa afisa ugani aamue.

Sasa afisa ugani ataamuaje? Unga ni ule ule, harufu ile ile, pakiti ina nembo na tarehe. Jicho la mtu halioni kilichomo ndani ya unga. Basi kila mmoja anaondoka na imani yake. Mfugaji anahama duka, muuzaji anapoteza mteja, na kuku wanaendelea kufa kwa sababu ambayo hakuna hata mmoja aliyeijua.

Maoni yangu ni kwamba teknolojia ya kupunguza ugomvi huu ipo, na wakati umefika iletwe kwenye maduka ya dawa za mifugo. Inaitwa spektroskopia ya infraredi ya karibu. Jina refu, lakini kazi yake ni rahisi kueleweka: kutambua dawa kwa kuimulika. Na sababu yangu ya kuitaka si kukamata feki peke yake. Naitaka hata zaidi kwa ajili ya siku ile itakaposema dawa haina tatizo.

Mwanga gani huo?

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, halafu bonyeza kitufe. Kwa macho huoni kitu, lakini kwenye simu nyingi utaona kataa kanawaka. Huo ndio mwanga wa infraredi ya karibu. Upo baada tu ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho la binadamu linaishia. Aliyeugundua mwanga wa infraredi ni William Herschel, kule Uingereza mwaka 1800. Alitawanya mwanga wa jua kwa kipande cha kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, akakuta joto linapanda mahali ambapo haoni mwanga wowote.

Kinachotufaa sisi ni hiki. Ukimulika kitu kwa mwanga huo, kitu hicho hunyonya sehemu fulani na kurudisha sehemu nyingine. Maji yananyonya kwa namna yake, protini kwa namna yake, mafuta, sukari na dawa hali kadhalika. Kifaa kinasoma mwanga uliorudi na kuchora mstari wenye mabonde na vilima. Mstari huo ni kama alama ya kidole. Amproliamu ina alama yake, lactose ambayo viwanda hutumia kuongezea ujazo ina alama yake, na mchanganyiko wa hizo mbili kwa kipimo cha kiwanda fulani una alama yake pia.

Kupima kunachukua sekunde chache. Hakuna kusaga, hakuna kemikali ya kumwaga, dawa haiharibiki. Mara nyingi unga au kidonge kinapimika hata kikiwa ndani ya kioo au plastiki angavu. Ila kwenye pakiti ya karatasi ya fedha mwanga haupiti, hapo lazima ufungue.

Kuna jambo wafugaji na wakulima wengi hawalijui: kipimo hiki hakikuanzia kwenye famasi. Aliyekisimamisha ni Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, pale Beltsville, katika miaka ya 1950 na 1960. Alianza na ubora wa mayai, akaja kwenye unyevu wa nafaka, kisha protini. Viwanda vya dawa vilikuja kukichukua baadaye, vikaanza kukagua malighafi inayoingia na vidonge vinavyotoka. Kwa hiyo tunapotaka kipimo hiki kifike kwenye dawa ya kuku, hatuombi kitu cha watu wengine. Kilizaliwa kwenye yai na punje ya ngano.

Na hapa nyumbani si kigeni. Watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha mwaka 2009 kazi iliyoonyesha kwamba mwanga huu unaweza kutofautisha mbu wa malaria waliozeeka na wachanga, na hata aina mbili za mbu zinazofanana kabisa kwa macho. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, inautumia kupima ubora wa malisho. Kama mbu kapimwa, dawa ya kuku itashindikana kwa nini?

Tayari tuna wakaguzi, tuna maabara

Tusianze kana kwamba nchi haina kitu. Dawa za binadamu na za mifugo zinasimamiwa na TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 tuliizoea kwa jina la TFDA. Maabara yake ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwaka 2018 shirika hilo likaipa mamlaka yetu ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti, ya kwanza kufikia hapo Afrika. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaguzi wetu wamekuwa wakitumia Minilab, yale masanduku yenye vifaa vya kufanya uchunguzi wa awali nje ya maabara kuu.

Lakini Minilab inataka mtu aliyefunzwa, kemikali, maji safi na muda. Unapima sampuli chache kwa siku. Maabara kuu ni ya uhakika, ila sampuli lazima isafiri na kupanga foleni. Kifaa cha mwanga kinashikika mkononi. Mkaguzi anaweza kupita maduka yote ya Mailimoja kwa siku moja au mbili, akapima kopo kwa kopo, na akapeleka maabara zile tu zilizotia shaka. Faida yake ndiyo hiyo: maabara ibaki na kazi inayostahili maabara.

Kwa nini ianze na dawa za mifugo?

Najua wapo watakaosema dawa za binadamu kwanza. Nawaelewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Hilo ni jambo kubwa na kazi yake iendelee. Mimi nasema dawa za mifugo zisisubiri mpaka ya binadamu yaishe, na nina sababu tatu.

Ya kwanza, mgonjwa wetu hasemi. Mtu akinywa dawa isiyofanya kazi atarudi hospitali alalamike. Kuku anakufa, anafukiwa, na mwenye kuku anaanza upya na vifaranga wengine. Hakuna taarifa inayofika kokote. Dawa mbovu ya mifugo inaweza kuuzwa muda mrefu bila mtu kushtuka.

Ya pili, dawa zetu zinafunguliwa. Tusifichane. Mfugaji wa kuku hamsini hawezi kununua pakiti ya kilo, kwa hiyo anapimiwa kwa kijiko na kufungiwa kwenye nailoni. Hapo jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho vimebaki dukani. Unga uliofunguliwa unavuta unyevu, na joto la duka la bati mchana wa Januari mnalijua. Hata muuzaji mwaminifu anaweza kumpa mtu dawa iliyochoka bila kujua.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi: usugu. Antibayotiki yenye nguvu pungufu haiui vijidudu vyote, inaua vile dhaifu na kuviachia uwanja vile vikali. Vijidudu sugu haviishii bandani. Vinatoka na mbolea tunayoweka kwenye mchicha, vinatoka na nyama, vinatoka na mikono yetu. Mayai na kuku wa Kibaha wanaliwa Dar es Salaam kila siku. Kwa hiyo anayesema dawa ya kuku si suala la afya ya binadamu, aangalie sahani yake.

Kipimo kikisema dawa ni nzima

Sasa nirudi kwenye lile nililosema mwanzo. Watu wakisikia kifaa cha kupima dawa wanafikiria kukamata wezi tu. Mimi nafikiria asubuhi ile mfugaji na muuzaji wanabishana, kifaa kinawekwa mezani, kinasoma, na jibu linakuja kwamba unga huu unafanana na wa kiwanda. Hapo ndipo kazi ya kweli inaanza, kwa sababu macho sasa yatageuka yaangalie banda.

Na bandani kuna mengi. Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mdondo, Gumboro na ndui ni magonjwa ya virusi. Hakuna antibayotiki itakayoyaponya hata iwe imetoka kiwandani leo. Anayetibu mdondo kwa OTC ataapa kwamba dawa ni feki, kumbe dawa ni nzima, ila haikuwa na kazi pale.

Pili, maji. Chukua mfano wa kuku mia tatu wanaokunywa lita sitini kwa siku, na dawa inayotaka gramu moja kwa lita. Inatakiwa gramu sitini kwenye lita sitini. Mfugaji anaweka gramu sitini kwenye pipa la lita mia, kuku wanakunywa lita zao sitini, yaliyobaki yanamwagwa jioni. Hao kuku wamepata gramu thelathini na sita tu. Umelipia dozi kamili, umewapa nusu na kidogo. Hakuna kiwanda cha kulaumiwa.

Tatu, vitu vinavyopigana na dawa. OTC inashikana na kalsiamu, haiingii mwilini vizuri. Ukiiweka kwenye maji magumu ya kisima, au huku kuku wa mayai wanakula chokaa na konokono kwa wingi, sehemu ya dawa inapita tu na kinyesi. Nne, siku. Dozi ya siku tano inakatishwa siku ya pili kwa sababu kuku wameanza kula.

Haya tunayafundisha kila mara, lakini neno "feki" linayafunika yote. Likishatamkwa, hakuna anayetaka kusikia habari ya pipa la maji. Ndo maana nasema kipimo kinachosafisha dawa nzuri kina thamani sawa na kile kinachokamata mbaya. Na muuzaji mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika, maana leo hana namna ya kujitetea zaidi ya kuapa.

Kisichoweza kufanya

Nisije nikauza ndoto. Kifaa hiki kina mipaka, na tukiisahau kitatudanganya.

Moja, hakijui kitu ambacho hakijafundishwa. Lazima kiwe na maktaba ya alama za dawa halali, kiwanda kwa kiwanda, kipimo kwa kipimo. OTC ya viwanda viwili inaweza kuwa na unga wa kuongezea tofauti, na kifaa kikamtia hatiani asiye na kosa. Maktaba hiyo itengenezwe na TMDA kutokana na sampuli za dawa zilizosajiliwa, si na duka wala na mfanyabiashara wa vifaa.

Mbili, ni chekeche, si mzani. Kinakamata vizuri dawa isiyo na kiambata hai kabisa, yaani unga mtupu usio na dawa ndani, au yenye dawa nyingine tofauti na iliyoandikwa. Lakini dawa iliyopungua nguvu kidogo, tuseme ina asilimia themanini ya inachotakiwa, inaweza kupita. Watafiti waliolinganisha vifaa vya mkononi vya aina mbalimbali kule Laos walikuta jambo hilohilo: wanaojifanya dawa wanakamatwa, waliopungua wanaponyoka kirahisi zaidi.

Tatu, dawa yenye kiambata kidogo ndani ya kimiminika inasumbua. Ivermektini ya sindano ya asilimia moja, kifaa kitaona zaidi kile kimiminika kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo tuanze na unga na vidonge, tusidanganyane kwenye sindano.

Nne, chanjo. Mwanga huu hauwezi kukuambia kama virusi vya chanjo ya mdondo bado vipo hai. Hapo kinachoamua ni baridi tangu chanjo inapotoka kiwandani, ikiwemo zile zinazozalishwa na TVLA, ambayo ina kituo cha chanjo hapa hapa Kibaha. Hata I-2, pamoja na kuvumilia joto kuliko nyingine, si ya kuachwa kwenye dashibodi ya bajaji.

Na tano, jibu la kifaa lisitumike kumfungia mtu duka. Kikisema hapana, dawa izuiliwe isiuzwe, sampuli iende maabara, na maabara ndiyo itoe hukumu.

Nani akishike, na nani alipe?

Vifaa vya kitaalamu bei yake ni maelfu ya dola. Sitegemei kila afisa ugani wa kata apewe, na kiukweli sitaki. Kikiwa mikononi mwa kila mtu bila mafunzo kitageuka kuwa chombo cha kutishia wenye maduka, na wengine watakitumia kuombea soda. Napendekeza kimoja kwa kuanzia, kizunguke halmashauri tatu zinazopakana: mbili za Kibaha na ile ya Kisarawe. Kishikwe na mkaguzi wa dawa akiongozana na daktari wa mifugo wa halmashauri. Kila kipimo kihifadhiwe na namba ya toleo, muuzaji apewe nakala yake palepale, na duka lililopimwa libandike matokeo ukutani. Rushwa inapenda jambo lisilo na maandishi.

Na kifaa kisikae kabatini kusubiri ukaguzi wa dawa. Aina hiyohiyo ya mwanga, ikiwa na maktaba yake, inapima protini na unyevu kwenye chakula cha mifugo. Wafugaji wa huku mnajua mnavyoumizwa na dagaa wenye mchanga na mashudu yaliyochanganywa pumba. Chombo kimoja, kazi mbili, gharama inakuwa nyepesi kutetea kwenye kikao cha bajeti. Madiwani wanaosoma hapa, hoja hiyo ninawaachia.

Wakati tunasubiri

Kuna mambo hayahitaji kifaa. Nunua pakiti iliyofungwa. Kama ni kubwa mno kwako, unganeni wawili watatu mnunue pamoja, mgawane siku hiyohiyo. Tunza pakiti tupu mpaka kuku wapone, usiitupe, maana namba ya toleo ndiyo inayomwezesha mkaguzi kufuatilia. Dai risiti. Bakiza kijiko kimoja cha unga ndani ya pakiti yake, ifunge vizuri, iweke pakavu. Mambo yakiharibika hiyo ndiyo sampuli. Andika kwenye daftari siku uliyoanza dawa, lita ulizoweka na gramu ulizoweka. Heshimu muda wa kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama. Na ukiwa na shaka na dawa, usiishie kugombana dukani. Peleka pakiti na daftari kwa daktari wa mifugo wa halmashauri au ofisi ya TMDA.

Mfugaji mdogo akipoteza kuku mia tatu amepoteza ada ya watoto na mtaji wa mwaka. Mtu huyo anastahili kuambiwa ukweli kuhusu alichonunua, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba dawa ilikuwa nzima na tatizo lilikuwa kwenye pipa lake la maji. Dawa ya mtoto wake tunaipima. Dawa ya kuku wanaomsomesha huyo mtoto nayo ipimwe.